Dumu la Maji la Bi Pistoni

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Bi Pistoni alikunywa chai amesimama, akajifunga kitambaa kichwani, akabeba dumu la maji.

“La nini tena?” mumewe akauliza.

“La injini ya mashine ya kusaga.”

“Rejeta inavuja?”

“Haivuji.”

Akatoka. Mzee akabaki na kikombe mkononi. Wiki ya tatu hiyo, dumu linakwenda limejaa, linarudi tupu. Injini isiyovuja inapeleka wapi lita tano? Bila shaka hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepasuka, na mkewe anamficha. Ikifa hiyo, hawana kingine cha kuwaweka mjini. Mgongo wake ulishakataa uashi.

Tena kulikuwa na yule fundi friji. Kutwa yuko mashineni, na hana hata kuku wa kumlisha pumba.

Mashine hiyo mzee aliachiwa na baba yake. Yeye mwenyewe, kusema kweli, aliiogopa tangu utotoni. Mkewe aliolewa hajui spana. Mwezi wa pili akaifungua, akaifunga, isibaki boliti hata moja. Miaka thelathini na minne alisagia mtaa mzima. Akiwa nje anapima mahindi, alikuwa anasema tu, “Mkanda umelegea,” ukienda kuangalia, umelegea kweli.

Siku hiyo mzee akamfuata. Akazunguka nyuma ya kibanda, akaona mambo. Dumu limetundikwa ukutani. Mpira mwembamba wenye koki unadondosha maji, tone tone, ndani ya bomba la shaba lililozungushwa kwenye ekzosi, bomba la kutolea moshi. Humo maji yanachemka kwa joto la injini yenyewe, na mvuke unavutwa pamoja na hewa, unaingia ndani ya injini.

Hapo akakumbuka. Mwaka jana mkewe alimwambia injini imezeeka, mzigo ukizidi inapata joto na kugonga. Mvuke kidogo ungeipoza. Yeye alicheka mpaka akapaliwa. “Maji ndani ya injini? Si bora uizike kabisa!” Mke akaenda zake mashineni.

Na ile shaba ilikuwa ya friji. Nani siku hizi anatoa shaba bure?

Akafunga koki.

Haikupita muda, injini ikaanza kugonga kama mtu aliyefungiwa nje. Bi Pistoni akatoka mbio, unga mpaka kwenye kope. Nyuma yake fundi friji, gunia begani.

“Shemeji! Umekuja kusaga nini leo, hasira?” fundi akatania.

Mkewe akaushika mkono wake uliokuwa bado juu ya koki, akaugeuza pole pole, huku ametega sikio. Kugonga kukapungua, kukaisha. Mkono hakuuachia mpaka alipomaliza kusema alichotaka kusema.

Kesho yake alfajiri Bi Pistoni hakuamka tena.

Sasa mashine anaendesha mzee. Fundi friji bado anakuja kubeba magunia, na mzee bado anamtazama kwa jicho la pembeni. Huenda anaitaka injini. Koki hamruhusu aiguse. Anaigeuza mwenyewe, kama alivyoambiwa siku ile:

“Ikigonga, ongeza kidogo. Ikikohoa, punguza. Na ukitaka kunichunguza, mume wangu, njoo na kiti, maana kazi yangu ni ya kutwa.”