Sweta ya Bibi na Joto la Buyenzi

Enzi zetu joto halikuwa na namba. Siku hizi kijana anatoa simu mfukoni, anasoma ni digrii ngapi, kisha ndipo anaanza kujipepea. Sisi tuliokulia mtaa wa Buyenzi miaka ya vita tulilipima kwa tumbo. Ukitoka shule unavua shati, unamwaga kikombe cha maji juu ya sementi, unalala kifudifudi hapo hapo mpaka mama akukute na kukuuliza kama umekufa au umemaliza kazi za shule. Kama umemaliza, anakutuma makaa. Kama umekufa, anakutuma makaa vilevile.

Mwezi wa tisa ndio uliokuwa na sifa. Mvua bado haijarudi, vumbi la magereji limesimama hewani kama limepewa amri, na ziwa liko pale chini, lakini upepo wake unaishia kwa wenye nyumba nzuri. Kuku walitembea midomo wazi. Baba yangu, fundi wa magari, alifunga kitambaa chenye maji kwenye spana kabla ya kuishika. Shuleni, mwalimu wetu wa Kifaransa alitufundisha majira manne ya mwaka, jasho likimtiririka mpaka chaki ikalowa mkononi. Hatukuwahi kuiona theluji, lakini mpaka leo naweza kuieleza kwa Kifaransa safi, pamoja na glavu na bomba la moshi.

Wazazi wetu walikuwa na dawa yao ya joto: likizidi, mikeka inatoka, watu wanalala uani. Vita vilipokuja, dawa hiyo ikaisha. Kulikuwa na kuvrefe, yaani saa ya kila mtu kuwa ndani, na risasi zilizofyatuliwa Kamenge au Kinama, mitaa ya kaskazini, hazikuangalia zinaangukia ua wa nani. Basi tukaingia ndani, tukafunga milango na madirisha: watoto, wazee, na jiko la makaa ambalo lilikuwa bado la moto, wote chini ya bati moja. Hapo wazee wakaanza kufa zaidi mwezi wa tisa kuliko miezi mingine. Redio ilitaja waliopigwa risasi. Mzee aliyekutwa amekaukia kitandani alasiri hakutajwa, na majirani walisema siku zake zilikuwa zimefika. Nilikuwa mtoto, nikaona ajabu kwamba siku za watu wengi hivyo zilifika mwezi mmoja.

Katika hali hiyo ndipo Bibi alipotushukia.

Bibi alikuwa mama yake mama. Alikuwa mtu wa Mugamba, huko juu milimani kwenye mashamba ya chai, ambako asubuhi unaziona pumzi zako mwenyewe. Mama aliteremka mjini akiwa msichana, akaolewa na fundi Mwislamu. Bibi, mtu wa rozari na misa ya alfajiri, alikuwa amemsamehe kwa sharti kwamba yeye mwenyewe hatakuja kwetu kumtembelea. Vita vikapanda mpaka kwenye kilima chake, nyumba yake ikachomwa, na sharti hilo likafa. Alifika kwetu saa saba mchana juu ya lori la viazi. Alivaa sweta nzito ya sufu, juu yake koti la marehemu babu, na kichwani kofia ya sufu iliyofunika masikio. Majirani walitoka kumtazama. Hata mafundi waliinua vichwa kutoka kwenye injini.

Mama alimwomba avue angalau koti. Bibi alikubali kuvua koti, lakini sweta hakuivua, na jioni ile akatuambia sababu. Walipokimbia walikaa porini mvua ikinyesha. Huko, alisema, hakuna aliyepigwa risasi. Baridi iliwachukua watoto wachanga kwanza, halafu wazee wenzake. Jirani yake mmoja, mama wa mapacha, aliamka asubuhi amewakumbatia wote wawili, na hakuna aliyelia. Bibi alikuwa na sweta, na Bibi alikuwa hai.

"Kinachoua ni baridi," alisema. "Joto ni uvivu tu wa watu wa mjini."

Alisema hayo kwa Kirundi. Kiswahili alikijua kidogo lakini alikataa kukisema, kwa kuwa kwao kilihesabiwa lugha ya waongo na wezi wa baiskeli. Baba alimsikia, akatabasamu kwa heshima kama mkwe anavyopaswa, akarudi kwenye ndagala zake, vidagaa vya ziwani.

Tangu siku ile vita vikawa viwili, vya nje na vya sweta. Mama aliificha, Bibi akaikuta. Mama aliifua kwa makusudi asubuhi ili isikauke, ikakauka kabla hajamaliza kuianika. Baba alishauri tumwache, mtu mzima anaujua mwili wake. Ulikuwa ni mwezi wa saba, na kweli mwili ulionekana kuwa na nguvu.

Mwezi wa tisa ulipofika, shule yetu ilifungwa kwa sababu ya milio iliyokuwa ikitoka kaskazini. Mchana mmoja mama alikuwa sokoni anauza ndagala, baba gereji, mimi na Bibi ndani. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Milio ikaanza, nikafunga mlango na dirisha kama nilivyofundishwa. Bibi alikuwa kwenye kitanda cha chumba cha nyuma akilalamika, kwa maana kulalamika ndiyo ilikuwa kazi yake ya mchana: ndagala zinanuka, muadhini ana sauti kubwa, mkwe hapandi hata mche mmoja wa viazi. Nilikuwa nimekwisha zoea. Kilichonishtua ni pale aliponyamaza.

Niliingia nikamkuta ameketi, macho yananitazama bila kuniona. Uso wake ulikuwa mkavu, hauna tone la jasho, na nilipomshika mkono ulikuwa wa moto kama pasi. Aliniita kwa jina la mama yangu, akaniuliza kama ng'ombe wamerudi. Ng'ombe wake walikuwa wamechukuliwa na vita. Nikamwambia ndiyo, wamerudi. Nikajaribu kuivuta sweta, akaikamata kwa mikono miwili, na sijawahi kujua mwanamke mwembamba vile alizipata wapi nguvu zile.

Kati ya ua wetu na wa jirani palikuwa na bati moja lililoning'inia kwa msumari mmoja. Tulipitia hapo kuomba kaa la moto au chumvi. Nikapita nikakimbia.

Jirani alikuwa Bi Zuwena, mjane mwenye duka la vitambaa, ambaye babu zake walitoka Omani. Alikuwa mama mnene, na kanuni yake ilikuwa kutomkimbilia mtu yeyote. Hata bomu lilipoanguka barabara ya pili alitembea. Siku ile pia alitembea, lakini mimi nilikuwa nakimbia na sikumpita. Mkononi alikuwa ameshika mkasi wa dukani.

Bibi alipouona mkasi alianza kuomba, akisema wanataka kumwua, wamwachie sweta yake. Bi Zuwena, aliyezaliwa Buyenzi na kukijua Kirundi kuliko sisi sote, aliinama akamjibu kwa lugha yake, taratibu, kama anamkatia mteja bei.

"Mama, baridi uliiacha Mugamba. Huku anayeua ni mwingine."

Kisha akaikata ile sweta kutoka pindoni mpaka shingoni. Sufu nene ina mlio wake ikikatwa. Bibi alilia, na mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzee akilia, nililia pia, ingawa nilikuwa nimeagizwa kuleta maji.

Bi Zuwena alimbeba mikononi kama jora la kitambaa, tukapita uani milio ikiendelea. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile za zamani za udongo, kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu, madirisha madogo, na dari ya mbao chini ya bati. Kuingia mle ilikuwa kama kuingia mwezi mwingine. Tulimlaza sakafuni, tukamfunika kanga zilizolowa, nami nikampepea kwa mfuniko wa sufuria. Bi Zuwena alimpa maji kwa kijiko, yenye sukari na chumvi kidogo, akimsubiri ameze. Alipokaribia kusali alasiri alimgusa paji la uso, akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa na jasho.

"Sasa anarudi," aliniambia. "Kunywa na we, mutoto. Mi siwezi kubeba wawili."

Bibi alipofungua macho, kitu cha kwanza alichokiona ni aya ya Kurani iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu. Aliitazama kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama amekufa na kama amepelekwa mahali pasipo pake.

Mama aliporudi alipiga magoti mbele ya Bi Zuwena. Bibi hakupiga magoti. Alikasirika kwa ajili ya sweta na akakataa kumsemesha aliyeikata. Lakini kila siku jua lilipopanda aliinua lile bati, akaingia kwa Bi Zuwena bila salamu, akalala sakafuni akimpa mgongo. Bi Zuwena naye aliendelea kupima vitambaa vyake. Iliendelea hivyo mpaka siku Bibi alipogeuka kumwambia kwamba anapima vibaya. Hapo wakaanza kugombana, na toka hapo hawakuachana.

Alijifunza. Alivaa kanga moja kifuani na nyingine iliyolowa kichwani. Maji aliyanywa kabla ya kiu. Aliteka maji alfajiri, akatulia mchana mpaka alasiri, na yeyote aliyepita juani saa saba alimwita mpumbavu kwa Kiswahili, maana hicho nacho alijifunza, akianzia matusi. Vita havikuisha. Watu waliendelea kuteremka kutoka milimani wakiwa na makoti yao, na ni Bibi aliyewapokea pale kona ya mtaa wetu, mzee mwenzao, anayejua walikotoka. Aliwavua mwenyewe. "Vua," aliwaambia. "Huku si kwetu." Wengine walimtii kwa sababu ya umri wake. Nadhani kuna watu wanaoishi leo ambao hawajui kwamba walivuliwa wakapona. Walidhani ni mwanamke mkorofi tu, na hawakukosea.

Amani ilipotangazwa alitaka kurudi Mugamba. Baba alimwambia nyumba haipo. Akasema ardhi ipo. Mama alimwambia huko ni baridi. Bi Zuwena alikuja kwetu kwa kusudi hilo, akaketi, akakataa chai.

"Miaka yote hii mwili yako imezoea huku," alimwambia. "Utakufa na baridi, Mama."

"Baridi ya kwetu inanijua," Bibi alijibu.

Likizo ya mwezi wa saba tulikwenda kumwona huko, na Bi Zuwena akafuatana nasi. Hakuwahi kupanda milimani maishani mwake. Kabla ya kufika Bugarama, njiani tu, alikuwa amevaa vyote alivyobeba, na tulipofika alikuwa na taulo shingoni na soksi mikononi. Watoto wa kilima walitufuata kumtazama. Alitoa salamu zote kwa heshima, soksi zikiwa mikononi.

Bibi tulimkuta karibu na moto, ndani ya kijumba kipya cha matofali. Mwanamke ambaye mama anasema alikuwa akienda misa bila viatu nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi, alikuwa anatetemeka hata kijiko kikagonga kikombe. Alikuwa na kikohozi. Majirani zake, vizee wenzake, walikaa mlangoni mabega wazi, wakimshangaa kidogo. Walisema amekuwa mtu wa mjini.

Bi Zuwena alimwambia kesho turudi wote.  Bibi alimtazama rafiki yake na zile soksi, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Kule niliishi," alisema. "Niache huku nilale."

Tukamwachia blanketi tatu. Alikufa mwezi uliofuata, kwa mapafu, kabla mvua haijarudi. Padri alisema ni uzee. Mama alisema ni baridi.  Bi Zuwena alifunga duka, na sisi watoto wa mtaa tulikuwa hatujawahi kuuona mlango ule umefungwa mchana.

Bi Zuwena naye amekwisha tangulia. Wanawe walibomoa nyumba ya udongo wakajenga ghorofa yenye vioo, nzuri kwa kweli, na mchana hakuna anayeweza kukaa ndani yake bila mashine ya baridi. Mimi nimehamia mtaa mpya wa Carama na mama yangu, ambaye sasa ana umri wa Bibi. Tuna ukuta mrefu, na majirani wote wana kuta ndefu. Tunasalimiana kwa honi. Watoto wangu wanaona ni maendeleo, na wanacheka nikiwasimulia kwamba tulikuwa na ua ambao mtu aliinua bati akaingia.

Ila ukifika mwezi wa tisa, kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, naliacha geti wazi, mtu aweze kuingia mama akinyamaza kama Bibi siku ile, na mimi niko kazini. Wezi wamekwisha chukua ndoo, kiti cha plastiki na viatu vya mume wangu. Mume wangu amelalamika, na ana haki. Bado naliacha wazi.