Kisu cha Shabani

Tak.

Juzi sokoni Alunguli mwanamke mmoja alinimenyea nanasi kwa kisu cha kukunja, akakipangusa kwenye kitenge, akakifunga. Mlio ule mdogo ulinisimamisha pale na nanasi langu mkononi mpaka akaniuliza kama nilitaka na lingine. Nililichukua, kwa aibu tu. Wenzangu mnaojua utamu wa kumbukumbu mtanielewa: kuna watu wanaorudishwa nyumbani na harufu ya wali, mimi hurudishwa na mlio wa kisu kinachofungwa.

Babu yangu alikuwa mtu wa reli. Nyumba yetu ilikuwa hapa Alunguli na treni ilikuwa ng'ambo ya mto, kwa hiyo kila safari yake ilianza kwa mtumbwi. Alikuwa na ugonjwa mmoja, na huo ulikuwa visu vya kukunja, vile ambavyo watu wa reli waliviita kanifu. Havikuwa visu vya dukani. Vilifuliwa na wahunzi wa njiani kutoka kwenye resori, yaani springi, za malori mabovu, vikatiwa mpini wa mti au wa pembe, na kila kituo kilikuwa na mkono wake. Cha Kongolo kilikuwa kifupi na kinene, kama watu wake, alisema Babu, ambaye mwenyewe alikuwa mfupi na mnene. Cha Samba kilikuwa na mpini wa pembe ulionuka ukilowa. Alivitunza katika kopo la biskuti, na kila asubuhi alichagua kimoja kama wengine wanavyochagua shati. Ijumaa kilitoka chenye mpini mweusi. Siku za shamba, cha pembe. Hakuna siku aliyotoka bila kisu mfukoni. Mtu asiye na kisu, alisema, ataomba kumenyewa hata chungwa lake mwenyewe.

Vile vya Kibombo vilikuwa vizuri kupita vyote, kwa sababu ya mhunzi aliyeitwa Shabani. Huyo alikuwa rafiki yake Babu tangu ujana wao. Visu vya Shabani vilikuwa na pete ya shaba shingoni: usipoizungusha kwanza, kisu hakifungiki hata ukikisukuma kwa mawe.

Sasa niwaambie sheria, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwa watu wa reli, aliyefungua kisu ndiye anayekifunga. Sababu yake ilikuwa vidole. Kila kisu kina tabia yake, na wengi walikatika kwa kufunga kisu cha mwingine katika behewa linalotikisika. Lakini sheria ikikaa sana hupata heshima zake. Shabani hakumpa mtu kisu hivi hivi. Alikifungua, mkakata kitu, mkala pamoja. Kisha alikifunga yeye mwenyewe na kukiweka mkononi mwako. Hapo ndipo kilipokuwa chako. Kabla ya hapo kilikuwa bado chake.

Safari ya mwisho kabla vita havijafunga njia, treni ilisimama Kibombo na Shabani alikuja dirishani na nanasi na kisu kipya, wazi. Walikuwa wamekula nusu ya nanasi wakati watu walipoanza kukimbia kutoka upande wa soko, na dereva hakungoja kuuliza sababu. Treni iliondoka. Babu alibaki dirishani ameshika kisu, na Shabani alibaki chini ameshika nusu ya nanasi.

Alirudi Alunguli na kisu kile kikiwa wazi, amekifunika kwa kofia yake. Ndani ya mtumbwi abiria walijisogeza upande wa pili mpaka mpiga kasia alilalamika kwamba wangezama wote kwa kumwogopa mzee mmoja. Nyumbani alikiweka juu ya rafu ya sebuleni, karibu na saa, ubapa wake ukielekea ukutani. Kikakaa hapo. Tulikiita kisu cha Shabani, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shule. Nilidhani kitakaa wiki moja.

Mke wa Babu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Koko, hakukipenda. Kila asubuhi akifagia alisema maneno yale yale, kama sehemu ya kufagia.

"Baba Zaina, funga hiki kisu. Batoto batakatika."

"Si miye njo nilikifungua," Babu alijibu; aliyekifungua alikuwa Shabani.

Zaina alikuwa mama yangu; alishazoea kuitwa katika ugomvi usiomhusu. Siku moja tu Koko aliongeza neno. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama mwenye kukifungua alikuwa amekufa, nani basi angekifunga. Babu aliinuka. Alivaa kofia, akaenda shambani, na sahani yake ya sombe, majani ya muhogo, ilikaa imefunikwa mpaka ikapoa. Tangu siku ile Koko alirudi kwenye vidole vya watoto na hakuvitoka tena.

Treni haikuja. Majani yaliota kati ya reli na mbuzi waliyala. Kutoka Kibombo habari zilikuja kwa miguu, zimechoka na kuchanganyikana: mmoja alisema Shabani alikimbilia msituni, mwingine alimwona barabara ya Lubutu, wa tatu alisema hapana, yule aliyeonwa alikuwa Shabani mwingine.

Alasiri moja wenye bunduki waliingia kwetu kupekua. Siwataji walikuwa wa upande gani. Wakati ule pande zilibadilika na mlango ulikuwa ule ule. Walichukua redio, walichukua kuku, walifungua kopo la biskuti na kugawana visu vya Babu vikiwa vimefungwa, kila mmoja akitia mfukoni kwake. Babu alitazama Kongolo ikiondoka, Samba ikiondoka. Kisha mkubwa wao aliona rafu, akataka kujua sababu ya kisu kuwa wazi.

"Na hiki? Juu ya nini iko wazi?"

Babu alifungua mdomo, lakini Koko alimtangulia.

"Iko na mwenyewe. Alienda kidogo, anarudia," alisema, kana kwamba Shabani alikuwa njiani kurudi.

Mkubwa aliusukuma ubapa ujifunge. Hakujua habari ya pete. Alisukuma tena, akakitia mfukoni hivyo hivyo, na kikatoka upande wa pili wa suruali. Mwenzake mmoja alicheka, kisha wote wakacheka, na kwa muda nilidhani kicheko kile kingetuponza. Lakini yule mtu alikuwa anaipenda suruali yake kuliko kisu. Alikirudisha kwenye rafu, pole pole, akaangalia tundu lake, akatoka.

Baada ya siku ile Babu alikuwa na kisu kimoja tu duniani, na hicho hakukitumia. Mara nyingi nilimwona akitia mkono mfukoni, akiutoa mtupu na kuutazama. Machungwa aliyamenya kwa kucha. Koko alimpa kisu chake cha jikoni. Alisema asante na alikirudisha.

Treni iliporudi, nilikuwa ninamaliza shule ya msingi. Honi yake ilivuka mto na watu wazima walilia njiani. Babu alivuka kwenda kuipokea, na kila ilipokuja baadaye alivuka tena, akawauliza abiria wa Kibombo, akarudi na chumvi au hakurudi na kitu. Hakutuambia alichojibiwa.

Shabani hakumkuta kituoni. Alikuja mwenyewe Alunguli, akiuliza nyumba kwa nyumba, siku ambayo Babu alikuwa amelala kwa homa. Mimi nilikuwa nje ninapepeta mchele. Mzee mrefu, mkavu, alinisalimu kwa mkono wa kushoto na kuniomba radhi kwa huo. Wa kulia ulikuwa umebaki na vidole viwili tu. Aliuliza kama hapa kulikuwa na kisu chake.

Babu alitoka akiwa na blanketi mabegani. Hawakukumbatiana. Walikaa mkekani na Koko alileta nanasi ambalo sijui alilitoa wapi haraka vile. Babu alichukua kisu kutoka rafu, akakata, wakala mpaka maji yalipowatiririka kwenye viwiko. Kisha aliweka kisu mkekani, katikati.

Shabani alikichukua kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kuzungusha pete kwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Vilikuwa na utelezi wa nanasi. Alijaribu tena. Niliinama nimsaidie, na Babu alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, bila kunitazama. Nilimwona mkatili. Shabani alibana mpini kati ya magoti, akazungusha pete kwa kushoto, akausukuma ubapa kwa paja.

Tak.

Alikiweka kwenye kiganja cha Babu.

"Sasa njo ya kwako."

"Ulikawia," alisema Babu.

"Treni njo ilikawia."

Wakacheka mpaka homa ya Babu ikapata aibu. Koko alirudi jikoni, na hakuna aliyemwona mpaka chakula kilipoiva.

Wote watatu wamekwenda sasa. Kisu kiko kwangu, na kila siku ninatoka nacho mkobani. Kwa nini Babu alinishika mkono nilielewa nikiwa bado msichana: kazi ile ilikuwa ya Shabani, na kumsaidia kungekuwa kumnyang'anya. Jambo la pili lilichukua miaka zaidi kulielewa. Lilinijia siku nilipokisahau kisu kwenye rafu msimu mmoja wa mvua. Nyinyi wa mtoni mnajua hewa yetu. Nilikikuta kimeota kutu, na kiungo chake kimegoma kabisa.

Basi nikakumbuka. Kisu cha Shabani kilikaa kwenye rafu ile utoto wangu wote, na siku ile kilijifunga kama kilifuliwa jana. Babu hakukigusa. Nilikinusa nilipoinama mkekani, na kilinuka mawese. Nilidhani ni harufu ya nyumba tu. Nyumba yetu ilikuwa na mtu mmoja aliyeshika mawese kila siku, na mtu huyo ndiye aliyesimama kila asubuhi na ufagio akidai kisu kifungwe, kisha sisi tukienda shule alikipaka mafuta kwenye kiungo, ili mwenyewe akija kisimgomee.