Behewa la Mbele

Mume wangu alikuwa kondakta wa treni, na nyumbani, juu ya meza yetu ya kulia, alikuwa na treni nyingine. Ile ya kazini ilikuwa ya kampuni. Hii ya mezani ilikuwa yake, na mimi ndiye niliyeionea haya. Niliionea haya mbele ya majirani, mbele ya ndugu zake waliotoka Kindu kutusalimu, hata mbele ya mama muuza samaki, ambaye alikuwa akisimama mlangoni na beseni lake kichwani, anachungulia ndani, anasahau alichokuja kuuza.

Tulikaa Kisangani, ng'ambo ya kushoto ya mto, katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, wakati mji ulikuwa na jina la Mzungu kwenye karatasi na jina lake lenyewe midomoni mwetu. Pale mto unavunjika kwenye mawe na meli haipiti. Ndiyo maana reli ilijengwa. Watu na mizigo wanashuka melini, wanapanda treni mpaka Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, halafu wanarudi majini. Mume wangu alikwenda na kurudi kwenye njia hiyo miaka na miaka. Ungedhani ilimtosha.

Meza yenyewe tuliinunua kwa sababu ya kadi. Siku zile serikali ilikuwa ikitoa kadi kwa mtu mweusi aliyeonekana amestaarabika. Ukishaiomba, wanakuja nyumbani kwako kutazama. Wanatazama choo. Wanatazama kama mtoto analala kitandani, kama mke anakaa mezani pamoja na mume wake, kama mnakula kwa uma. Kabati wanafungua wenyewe. Sisi tuliitaka kwa ajili ya binti yetu, mtoto pekee tuliyejaliwa. Ng'ambo ya pili kulikuwa na shule ya masista ambako watoto walisoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza, na watu walisema baba akiwa na kadi, masista wanafungua mlango. Mimi nilifundishwa kushona na kupiga pasi, basi, yakaishia hapo. Sikutaka ya kwangu yamfuate mtoto.

Fundi alitutengenezea meza ya mbao nzito, pana, ambayo ilijaza chumba. Niliipenda. Niliipiga nta mpaka nikauona uso wangu. Kisha familia moja ya Wazungu ikawa inarudi kwao Ulaya, wakauza vitu vyao barazani, na mume wangu, niliyemtuma akanunue sahani, akarudi na sahani tatu na boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na kichwa cha treni cha bati, cha kutia ufunguo kama saa, pamoja na reli zinazofanya duara. Alisema ni ya mtoto. Aliiweka mezani amwoneshe, na tangu siku hiyo haikushuka.

Duara halikumridhisha hata Jumapili mbili. Njia yetu haizunguki, alisema, njia yetu inakwenda. Akaanza kukata madebe ya mafuta, anayakunja kwa koleo kuwa reli, anazipigilia juu ya vijiti vya mwanzi. Alitandika mbao juu ya meza, akazibandika, akajenga njia yote kutoka gati letu mpaka Ubundu, na kona zake, na madaraja yake. Mto aliupaka kwa bluu yangu ya kufulia. Maporomoko aliyatengeneza kwa pamba. Msitu ulikuwa madodoki aliyoyachovya kwenye rangi ya kijani, na vilima vilikuwa magazeti yaliyoloweshwa kwenye uji wa muhogo, ambavyo panya walivila mara mbili, na mara mbili akavijenga upya bila kukasirika. Mtu huyo huyo shati likikosa kifungo alikuwa ananuna siku nzima.

Tukawa tunakula chini, kwenye mkeka, kando ya meza yetu. Nilikuwa nashusha lituma ya ndizi na sombe ya majani ya muhogo sakafuni, nampa mtoto uma, nambana vidole ili asizoee mkono, huku baba yake anatafuna na macho yako juu, kwenye reli. Mke wa jirani alipotukuta hivyo alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, ile meza yenu imemeza chakula," alisema. Neno hilo lilizunguka kambi nzima. Kisimani walikuwa wananiuliza kama meza imeshiba.

Lakini niseme na hili. Ilikuwa nzuri. Jioni akitoka kazini alikuwa hata hajavua kofia, anatia ufunguo, anapuliza filimbi yake ya kazi polepole, na ile treni inaondoka. Binti yetu alikuwa anasimama juu ya kiti upande wa pili na kutangaza vituo kwa Kifaransa, sauti ya juu, kama alivyomsikia baba yake anatangaza. Penye kona kabla ya Ubundu, siku za mvua mbao zikivimba, treni ilikuwa inakwama, na mtoto anatangaza kwamba abiria wavumilie. Mimi nilikuwa nageuza uso nisionekane nacheka.

Behewa la nyuma alilitengeneza kwa kopo la sardini, tupu, bila viti, kwa sababu huko nyuma ndiko tulikopanda sisi watu weusi, na hakuona la kuongeza. Behewa la mbele ndilo lililomchukua muda. Alilichonga kutoka kisanduku cha sigara, akalitia madirisha ya karatasi ya kung'aa, na paa lake lilikuwa linafunguka. Viti alivifunika kwa mahameli ya kijani, na mahameli hayo aliyakata kwenye blauzi yangu ya Krismasi, bila ruhusa. Nilimfokea. Akaniambia kwa upole kwamba ndiyo rangi yenyewe. Yeye alikuwa anaijua kutoka mlangoni tu. Alikuwa anagonga, anavua kofia, anatazama tiketi za Wazungu akiwa wima, anafunga mlango.

Juu ya mahameli hayo alikalisha watu watatu wa udongo wa mtoni. Mmoja na kofia ya kondakta, mmoja na kilemba chekundu, mmoja mdogo na gauni jeupe. Hatukuwahi kulizungumza. Mtoto alikuwa anafungua paa, anatusalimu, anafunga.

Habari ikaja kwamba watu wa kadi wanakuja. Nilimwambia, "Baba ya mutoto, table hii iko ya kula. Utoe treni." Alikubali, kwa kweli alikubali, na akaja na rafiki yake kuzibeba zile mbao. Hapo ndipo tukagundua kwamba amejenga chumbani kitu kipana kuliko mlango. Walikiinua, wakakilaza upande, pamba ya maporomoko ikaanguka, wakakirudisha. Kukikata hakuweza, na mimi nilipoona uso wake sikusema msumeno uko wapi. Pembeni, karibu na Ubundu, meza ilibaki wazi kidogo. Nikatandika kitambaa hapo, nikapanga sahani tatu zimebanana, uma kushoto, kisu kulia, kando ya mto wa bluu. Nilijua tunachekesha. Nilitamani sakafu inimeze.

Walikuja wawili. Mmoja alikuwa bwana wa serikali, mwingine yule madamu aliyetufundisha sisi wake wa kambi kushona na kutandika meza. Mume wangu aliwakaribisha kwa Kifaransa safi, kile alichokiandaa wiki nzima. Yule bwana akamjibu kwa Kiswahili. Mume wangu akaendelea kwa Kifaransa, na bwana akaendelea kwa Kiswahili, Kiswahili cha kuamrishia wapagazi, na kila mara nikaona shingo ya mume wangu inaingia kidogo ndani ya kola. Madamu alitazama zile sahani tatu, akatazama treni, akaniuliza kama tunakulia pale. Nikasema ndiyo. Alikuwa amenifundisha yeye mwenyewe kwamba mgeni lazima apate nafasi ya kiwiko. Akaenda kufungua kabati.

Bwana, yeye, alikuwa ameiona treni. Alikuwa amevua kofia yake, amepiga goti kwenye sakafu niliyoisugua, anaomba ufunguo. Aliiendesha mpaka Ubundu, akacheka ilipokwama, akaisukuma kwa kidole. Alimwambia mume wangu kwamba ni kazi nzuri. Nikaanza kupumua. Ndipo alipofungua paa la behewa la mbele.

"Hii watu ni nani?" aliuliza.

Binti yetu alikuwa amesimama wima pembeni na gauni lake jeupe, kama tulivyompanga. Tulikuwa tumemwambia akiulizwa ajibu haraka, kwa Kifaransa, na atabasamu. Akafanya yote matatu. Alisema ni papa, ni mama, na ni yeye.

Bwana hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alibaki tu na lile paa mkononi, nyusi zimepanda kidogo, akamtazama mume wangu na kungoja. Nilisikia madamu ameacha kugusagusa vyombo kabatini. Na mimi pale nilipokuwa, mikono kwenye kitambaa cha meza, nilikuwa na jambo moja kichwani: shule ile ng'ambo.

Mume wangu akacheka. Sijui kicheko kile alikitoa wapi, sikuwahi kukisikia nyumbani. Na hapo akaacha Kifaransa.

"Mutoto alichanganya, bwana," alisema. "Sisi tunakaaka nyuma."

Akainama, akatuchukua kwa vidole viwili, mmoja mmoja, akatutia kwenye kopo la sardini. Kwa kuwa kule hakuna viti, tulilala. Binti yangu akafungua mdomo, akasema "Papa, hapana," kwa sauti ndogo, na baba yake akamtazama. Nililijua jicho lile. Ndilo alilokuwa akimtolea abiria aliyepanda behewa lisilo lake. Mtoto akafumba mdomo.

"Bon," alisema bwana, akarudisha paa, akatia ufunguo tena. Waliondoka muda mfupi baadaye, wanasifu usafi.

Niliona aibu kwa ajili ya mume wangu, nikamwonea hasira kwa sababu ya aibu hiyo. Niliona aibu kwamba mtoto aliambiwa mwongo kwa neno la kweli. Lakini iliyonikaa mwilini kuliko zote ni kwamba, alipotuchukua kwa vidole vile, moyo wangu ulimshukuru. Ulimshukuru kwa wepesi wake. Nilikuwa nataka afanye haraka zaidi.

Kadi ilikuja baada ya mvua. Mume wangu aliifunga kwenye kitambaa na kuitia mfuko wa shati, upande ule ule aliokuwa anaweka filimbi. Masista walimpokea mtoto. Kila asubuhi alikuwa anavuka mto na kivuko, kitabu kifuani, na mimi nilikuwa nasimama gatini mpaka gauni jeupe linapotea, na nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi. Jioni baba yake alikuwa anatia ufunguo na kupuliza filimbi, na treni inaondoka. Mtoto alikuwa anasema ana masomo. Treni ikawa inapita vituo vyote bila mtu kutangaza kituo hata kimoja, na ilipokwama penye kona aliisukuma mwenyewe. Baadaye akaacha. Vumbi lilianza kukaa kwenye madodoki. Nilikuwa nalifuta, nafuta na kopo la sardini juu na chini, na ndani tulikuwa tumelala vile vile.

Wakati wa likizo tulikwenda Ubundu kwa dada yake mkubwa. Kwa mara ya kwanza mume wangu alipanda treni yake kama abiria, na koti, na kofia mpya. Ilikuwa inajulikana kambini kwamba mwenye kadi sasa anaweza kukaa mbele na familia yake. Kondakta wa siku hiyo alikuwa rafiki yake, yule yule aliyekuja kubeba mbao. Alipotuona alinyooka, akafungua mlango wa behewa la mbele, akaushika, anatabasamu. Ndani niliona viti. Vilikuwa kijani kweli, kijani cha blauzi yangu. Bibi mmoja wa Kizungu aliinua macho kutoka kwenye kitabu chake.

Mume wangu aliweka mkono kwenye mfuko wa shati. Alisimama hivyo, mkono kifuani. Halafu akamwambia rafiki yake asante, mutoto anapenda hewa ya kule nyuma, akatupita, na sisi tukamfuata kando ya mabehewa yote mpaka la mwisho, katikati ya vikapu vya samaki na kuku waliofungwa miguu.

Tulipata mahali kwenye ubao karibu na dirisha. Treni ilitikisika, ikaanza. Binti yangu alikuwa anatazama huku na huku, anachunguza kuta za bati, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayekumbuka kitu, "Papa, ni hapa ulituwekaka."

Hakuwa anamsuta. Alikuwa anatangaza kituo.

Mume wangu alivua kofia yake mpya, kama alivyozoea kuvua ile ya kazi kwenye mlango wa mbele, akaishika magotini mpaka Ubundu.