Meza Niliyoijenga Mjomba Aisikie

Asubuhi ile nilipofika kwenye karakana ya useremala ya mjomba, kule Kihonda, nilikuta mkwe wake anapiga randa kwenye meza yangu. Naiita yangu kwa sababu niliiunda mwenyewe, kwa mbao zangu, nikafanyia kazi juu yake miaka yote niliyokaa pale. Nikamuuliza mjomba kulikoni.

"Huyu ana familia," akasema, mbele ya wateja wawili. "Wewe utapiga msasa. Msasa ndiyo kazi ya mikono ya kike."

Wateja wakacheka. Kwetu Uluguru mjomba ni mzito kuliko baba. Neno lake halijibiwi. Nikavua aproni, nikaitundika, nikaondoka bila kuaga. Njiani sikulia. Nilikuwa nafikiria namna ya kumuumiza.

Nyumba ninayokaa na mama iko nyuma ya karakana ile, mtaa wa pili. Nikaamua kujenga meza yangu pale uani, upande ule ule ambao sauti ya nyundo ingemfikia. Nilitaka kila akinywa chai yake anisikie.

Bei ya mninga sikuiweza. Nilipata boriti kuukuu kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa njia ya Mzumbe, nzito, kavu, zimejaa misumari. Niliing'oa misumari mmoja mmoja, na kila uliotoka nilimtaja mjomba moyoni. Uso wa meza niliunganisha mbao nene kwa gundi, miguu nikaifunga kwa ndimi za mbao zinazoingia kwenye matundu, maana meza nyepesi hucheza ukipiga randa. Kimo nilikipima kwa mwili wangu: nikisimama wima, kiganja kilale juu yake. Meza za mjomba zote zilikuwa za kimo cha wanaume, na mgongo wangu unajua hivyo.

Likabaki jiliwa, kile chuma cha kubana mbao isiponyoke unapoikata. Mafundi wengi mtaani huliita vaisi. Nikaenda mjini, duka la vifaa, nikaonyeshwa jipya la bei nafuu, linang'aa rangi ya bluu.

"Dada, hilo ni chuma tupu," muuzaji akasema.

Nikalifungua hadi mwisho, nikalishika taya na kulitikisa. Likayumba kushoto na kulia. Jiliwa la hivyo hubana mbao upande mmoja tu, na ukilikaza kwa nguvu linapasuka. Nikalirudisha.

Kwa wauza vyuma chakavu nilipata kuukuu, limeliwa kutu nje, lakini meno ya skrubu yake yalikuwa bado makali na taya halitikisiki. Nikaliloweka kwenye mafuta ya taa, nikalisugua kwa brashi ya waya, nikalifunga mbele ya meza. Jiliwa la pili, la pembeni ya meza, sikununua. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea skrubu ndefu ya jukwaa la ujenzi, akaiwekea mpini, taya nikalichonga mwenyewe kwa mtiki. Linabana mpaka leo.

Meza ilipokamilika nilibeba kiti kimoja nilichokitengeneza juu yake, nikapanda mlimani kwenye kanisa la misheni ambalo mabenchi yake hutengenezwa na mjomba. Padri alikipenda, ila akasita.

"Lakini fundi wetu ni mjomba wako."

"Baba, naomba tupindue mabenchi yenu."

Tukapindua. Mengine yalikuwa yameunganishwa kwa ndimi, magumu kama siku ya kwanza. Mengine, ya juzijuzi, kazi ya mkwe, yalikuwa ya misumari na yameanza kupepesuka. Nikamwambia yepi ni yangu. Kazi ya mabenchi mapya nikapewa mimi.

Mjomba alikuja siku chache baadaye. Majirani walikuwa wakianua nguo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alilizungusha jiliwa, akaligonga kwa kidole. "Umenichukulia padri."

"Kanichagua mwenyewe."

"Rudi karakana. Meza yako nitakupa."

"Mwachie mkwe. Ana familia."

Uani palikuwa na viti vipya vimepangwa hadi ukutani. Sikumkaribisha hata kimoja. Mzee wa miaka yake, mjomba mtu, akasimama juani katikati ya viti mbele ya majirani, nami nikaendelea kupiga randa mpaka akaondoka. Sijawahi kuona raha kama ile.

Mama alinuna. "Yule ni kaka yangu. Mtengenezee kiti, ukampe kwa mikono miwili."

Sikubishana naye. Nilichagua mtiki bora niliokuwa nao, nikakitengeneza kiti kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuuza, nikakipeleka na kupiga goti. Mama akafurahi. Hakujua nilichokuwa nakifanya.

Mjomba hawezi kukificha. Dada yake hupita kukiangalia. Kwa hiyo hukaa juu yake mlangoni mwa karakana, na wateja wanaokuja kuagiza samani humuuliza kimetengenezwa na nani. Nimesikia wengine anawaambia kimetoka Dar es Salaam. Wengine wanaonijua hucheka, kisha huja uani kwangu.

Mimi nikipita na mbao zangu namsalimia kwa sauti, mtaa mzima usikie. Naye huitikia marahaba, akitazama pembeni.