Shangazi na Bendi ya Mji

Shangazi yangu alistaafu siku ya Ijumaa, na Jumatatu iliyofuata, alfajiri, tulimkuta ameshaoga na kuvaa, amekaa kitandani na mkoba mapajani, hana pa kwenda. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa miguu bandia katika karakana ya hospitali. Mumewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, watoto wake wawili wana nyumba zao, na sote tulitegemea kwamba atafuga kuku kama wastaafu wenzake. Kuku alinunua kweli, kumi na wawili. Akawagawa kabla hawajataga, akasema kelele zao zinamchosha na hawana habari mpya.

Baba yangu, ambaye ni mdogo wake wa kumfuata, ndiye aliyeambiwa kwanza. Lilikuwapo shirika lililopeleka mafundi wastaafu kujitolea nchi nyingine. Shangazi alikuwa ameshajaza fomu, ameshakubaliwa, anakwenda miaka miwili katika nchi ambako lugha ni hii hii yetu ila lafudhi ni nyingine. Baba akamkumbusha umri wake. Shangazi akamjibu kuwa umri huo anaujua vizuri, amekuwa nao tangu ulipoanza.

Alipangishiwa chumba uani kwa mama mmoja mjane, mshonaji wa sare za shule. Mlango wa chumba ulikuwa umevimba chini kwa mvua, na ukitaka kuufungua ilibidi uunyanyue kidogo kwa goti. Dirisha lilitazama kamba za nguo, ambako sketi za shule thelathini zilianikwa kwa wakati mmoja. Karakana ilikuwa mwendo wa dakika kumi, nyuma ya wodi ya watoto: meza mbili, jiliwa moja la kubania vyuma, oveni ya kulainishia plastiki, na fundi mmoja wa makamo ambaye alikuwa mtu wa maneno machache lakini mkono wake ulikuwa mzuri. Kazi Shangazi aliipenda tangu siku ya kwanza. Kilichomshinda ni sherehe.

Mji ule ulipenda sherehe kupita kiasi. Arusi, mtoto kuzaliwa, mahafali ya shule, kisima kipya, hata daraja lililopakwa rangi upya lilifanyiwa shughuli. Katika miezi tisa ya mwanzo Shangazi alialikwa mara kumi na nne. Najua idadi kwa sababu alimtumia baba picha za zote, na katika zote amekaa mahali pamoja: mstari wa mbele, kiti chenye mto, ua kifuani, soda mkononi, amekaza uso kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nyuma yake watu wanacheza, wanabeba masufuria, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Kila alipoinuka kusaidia, hata kuokota sahani tu, walimkimbilia wakamrudisha kitini. Mwenye nyumba wake, ambaye nyumbani walikuwa wanagombania kamba ya nguo kama mtu na mdogo wake, akifika kwenye shughuli alimgeuka na kumwita Mgeni Wetu. Shangazi alikuwa akirudi chumbani, anavua viatu, anakaa. Alimwambia baba kwenye simu kwamba hajawahi kuheshimiwa hivyo maishani mwake, na hajawahi kuwa mpweke hivyo.

Ndipo akaja tarishi wa posta waliyemwita Radi.

Radi alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwembamba, mcheshi. Jina lake lilitokana na ngoma kubwa ya bendi ya mji, ile inayobebwa tumboni kwa mikanda na kupigwa pande zote mbili. Aliipiga miaka kumi na saba. Halafu lori la mchanga likamrudia kinyumenyume akiwa kwenye baiskeli ya barua, na mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Kila mwaka mji uliadhimisha siku ulipopewa hadhi ya kuwa mji, na bendi iliongoza maandamano kutoka stesheni ya reli hadi uwanja wa shule, kilomita mbili na nusu, na katikati kuna mteremko mkali kando ya soko. Mwaka uliotangulia Radi aliitazama bendi ikipita akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Akamwambia Shangazi kuwa hataki mguu wa kutembelea tu. Anataka mguu wa kubebea ngoma, na siku ya mji imebaki miezi miwili.

Shangazi akamwambia alete ngoma. Kesho yake ikaletwa kwa mkokoteni, wakaipima kwenye mizani ya wodi ya watoto: kilo kumi na nne. Akamfunga plasta kwenye kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, akatengeneza umbo lake, akavuta plastiki ya moto juu ya umbo hilo kupata kikombe, yaani ile sehemu ya juu ambamo kigutu huingia. Akamfunga mguu, akamsimamisha kwenye ukumbi mrefu wa hospitali na ngoma tumboni. Radi akatembea. Wagonjwa waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi wakainuka wakamfuata nyuma, mmoja na chupa yake ya dripu, mpaka muuguzi mkuu akatoka kuuliza kuna nini.

Wiki tatu wakafanya mazoezi. Kila jioni Shangazi alimuuliza kama kunabana, kama kunauma. Radi alijibu kuwa ni raha mtindo mmoja. Lakini Shangazi alikuwa ameona miguu mingi. Aliona anavyouma meno akigeuka, na jioni moja akamwambia avue soksi ya kigutu. Alikuta kidonda chekundu upana wa kifuniko cha chupa, na kingine kidogo upande wa pili.

"Hiki kina siku ngapi?"

Radi akatazama chini. "Kama wiki mbili hivi."

"Na mimi nakuuliza kila siku, unaniambia raha."

"Sasa Mgeni, wewe umeacha kwenu, umekuja kutufanyia kazi bure. Nitakuambiaje kazi yako inaniumiza?"

Fundi wa makamo aliacha kupiga tupa. Shangazi, kwa maelezo yake mwenyewe, hakupandisha sauti.

"Sikiliza. Mgeni ni mtu wa kupita. Mimi nina miezi kumi na minne nimebakiza hapa, na nina kazi yangu. Ukinificha maumivu ili kuniheshimu, kigutu chako kitaoza, na hiyo heshima nitaipeleka wapi? Niite fundi. Fundi akikosea, mwambie fundi umekosea."

Radi akakiokota kikombe cha mguu. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga, "Fundi, umekosea. Kinanibana hapa, na hapa, na kusema kweli tangu siku ya kwanza sikukipenda."

Shangazi akakitupa kikombe kile kwenye pipa na kuanza upya. Kidonda kilichukua siku kumi kukauka, mazoezi yakasimama, na Radi sasa akawa analalamika si kidogo. Alilalamikia kimo, alilalamikia mkanda, alilalamikia hata rangi ya plastiki. Shangazi alisema hapo ndipo kazi ilipokuwa nzuri.

Lakini mguu mpya ungekuwa na siku chache tu za mazoezi, na Shangazi hakutaka Radi ateremke ule mteremko peke yake. Aliamua kutembea ubavuni mwake na mfuko wa vifaa. Akaenda kumwomba kiongozi wa bendi, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mfupi aliyenyooka kama rula. Mwalimu akamwambia kuwa kwenye jukwaa kiti chake kimeshaandaliwa. Shangazi akasema hataki kiti. Mwalimu akafikiri, akasema basi ndani ya bendi hatembei mtu asiye na sare, wala mtu asiye na chombo. Kwa hiyo mwenye nyumba akamshonea koti jekundu kwa kitambaa kilichobaki kabatini, likambana kwapani, na bendi ikampa matoazi, yale masahani mawili ya shaba. Kazi yake iwe ndogo tu: kuyagonga mara moja, mwisho wa kila wimbo.

Shangazi yangu hana sikio la muziki. Hata nyumbani akiimba watu hutafuta kazi ya kufanya nje. Siku ya kwanza ya mazoezi aligonga mapema. Ya pili akachelewa. Ya tatu alisahau kabisa, alikuwa anatazama goti la Radi. Mwalimu akasimamisha bendi nzima.

"Mama wa matoazi," akasema mbele ya watu thelathini, "unasikiliza, au umekuja kupunga upepo? Unatupotezea muda."

Shangazi akaomba radhi. Usiku wa kuamkia kesho yake alimpigia baba simu kumweleza alivyofokewa, na baba akadhani analia. Alikuwa anacheka. Miezi kumi katika mji ule, na ndiyo mara ya kwanza mtu kumkaripia.

Siku ya mji ilikuwa ya jua kali. Waliondoka stesheni saa tatu asubuhi, Radi mstari wa pili, Shangazi kushoto kwake, mfuko wa vifaa umening'inia mgongoni juu ya koti jekundu. Kilomita ya kwanza ilikwenda vizuri. Walipofika juu ya mteremko, Radi akasema bila kugeuza uso, "Fundi, kinateleza." Hakumwambia mara ya pili, maana Shangazi alishampungia mkono Mwalimu, na bendi ikawa inapiga mguu papo hapo mbele ya kinyozi. Radi akakalishwa kwenye kizingiti, ngoma ikashikwa na wapiga tarumbeta wawili. Soksi ilikuwa imelowa jasho chepechepe. Shangazi akaivua, akamkausha kwa taulo la kinyozi, akamvisha soksi kavu mbili badala ya moja, akakaza mkanda. Dakika nne. Wakateremka polepole, hatua kwa hatua, Shangazi akihesabu kwa sauti, na watu wa soko wakahesabu naye.

Mbele ya jukwaa walipiga wimbo wa mwisho. Shangazi, kwa furaha ya kuuona uwanja, akagonga matoazi mstari mzima wa wimbo kabla ya wakati. Ilikuwa sauti ya sufuria kudondoka. Lakini papo hapo Radi akaibamiza ngoma kubwa, mara moja, kwa nguvu zake zote, kama vile ndivyo walivyopanga. Bendi ikafuata, kwa sababu bendi hufuata ngoma kubwa, na wimbo ukaishia hapo. Watu wakashangilia mno. Mwalimu aliwatazama wote wawili kwa muda mrefu, kisha akainama mbele ya jukwaa kama desturi ya viongozi wa bendi.

Chakula kililiwa madarasani. Mwenye nyumba alipita na beseni la vyombo vichafu, akamwona Shangazi amesimama mlangoni, akamuuliza kwani ana mikono ya maonyesho. Shangazi akavua koti, akakunja mikono ya gauni, akaosha sahani pamoja na wapiga tarumbeta mpaka jua likapungua makali. Kuanzia hapo hakuna shughuli ya mtaa ule aliyokaa kitini. Alipewa watoto wachanga wa kubeba, viazi vya kumenya, na lawama kwamba vitunguu vyake anavikata vinene.

Kesho yake asubuhi Radi alikuwa wa kwanza kwenye benchi la karakana, sare ya posta mwilini. Shangazi akamvua soksi, akazungushia kigutu vidole vyake taratibu, kila upande. Ngozi ilikuwa kavu na nzima. Akaandika hivyo kwenye jalada, akamfunga mguu, Radi akaenda kugawa barua.

Miezi sita baadaye shirika lilimwandikia kuuliza kama atapenda kuongezewa mwaka mmoja baada ya miwili kwisha. Shangazi alijibu siku hiyo hiyo. Baba alipomuuliza mbona hakushauriana nasi kwanza, akamwambia kuwa bendi imemhamishia kwenye pembetatu ya chuma, chombo chenye sauti ndogo, na Mwalimu anasema akijitahidi mwaka mmoja zaidi huenda akakiweza.