Mchungwa wa Mzee Nino

Siku ile bado naiona, mwanangu, kama juzi tu: nimesimama uani kwa jirani yangu kule Saltley, mtaa wetu wa zamani huku ugenini, mkasi mkononi, najisifu peke yangu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa na miaka thelathini, nina mke, nina kazi ya kiwandani, na nina ujuaji wa kujaza nyumba nzima. Ukinisikia leo nasema taratibu, usidhani nilizaliwa hivi.

Jirani mwenyewe alikuwa Mzee Nino, mtu wa kisiwa cha Sisilia, mjane, aliyestaafu kiwanda kile kile nilichokuwa nikifanyia kazi. Nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda cha vioo, na ndani yake miti mitatu kwenye vyungu, yote ya kwao. Mmoja mlimau unaozaa karibu mwaka mzima. Mmoja mchenza wa kuchelewa, matunda yake yanaiva wakati machenza mengine yameshakwisha. Wa tatu ndio uliokuwa roho yake: mchungwa wa aina wanayoiita Moro, ambao chungwa lake ukilipasua ndani ni jekundu la kukolea, kama bitiruti. Alinambia wekundu ule hauji bila baridi ya usiku. Mara ya kwanza aliponipa kipande nilikikataa, nikidhani kimeoza. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mti ule haukununuliwa dukani. Shamba la baba yake huko Sisilia liliuzwa, miti ikang'olewa, zikajengwa nyumba. Kabla ya hapo Mzee Nino alichukua kijiti kimoja cha mchungwa, na jicho lake, pale panapotoka chipukizi, akalibebesha kwenye mche wa danzi. Danzi ni chungwa chungu, unalijua, lakini mizizi yake ina nguvu. Kwa hiyo chini ulikuwa danzi, juu Moro, na pale vilipoungana alipaka mstari mweupe wa chokaa.

Majira ya kuchipua alikwenda kufanyiwa operesheni ya nyonga, kisha akae kwa binti yake, mtaa wa Shard End, mpaka apate nguvu. Akanipa ufunguo. "Usitie maji mpaka udongo ukauke," alinambia. "Na chochote kitakachochipua chini ya mstari mweupe, kitoe."

"I know, I know, Mister Nino," nikamjibu, na ufunguo nimeshautia mfukoni. Mimi nimekulia Unguja kwenye shamba la machungwa la bibi yangu. Mtu wa vyungu vitatu atanifundisha nini? Sikukumbuka kwamba michungwa ya bibi ilikuwa ya mbegu, haikubebeshwa, ikiota inavyotaka.

Basi nikawa natia maji kila siku. Baada ya wiki kadhaa yakatoka machipukizi manene, ya kijani kibichi, yenye miiba mirefu. Mimi huyo kifua mbele! Matawi ya juu yalikuwa yamepauka na kuwa ya manjano, nikaona yanawabana wenzao, nikachukua mkasi nikayakata. Hiyo ndiyo siku ninayokwambia.

Jumapili akaja shangazi yangu Zuwena kutoka Small Heath, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Nikampeleka kibandani kujionyesha. Alichuma jani moja, akalifikicha, akalinusa.

"Saidi, hebu nusa."

Nikanusa.

"Hili danzi hili. Mchungwa wa watu uko wapi?"

Niliinama nikautafuta mstari mweupe. Machipukizi yangu yote yalikuwa chini yake. Juu kilikuwa kimebaki kijiti kimoja, urefu wa kidole.

"Mpaka arudi bado miezi miwili," nikasema. "Nitatafuta mwengine garden centre, wanakouza miche, shangazi. Hatojua."

"Mti utamnunulia. Na shamba la baba yake utamnunulia wapi?" Hakupandisha sauti. "Vaa koti lako uende."

Nilipanda basi mpaka Shard End, na njia nzima natamani liharibike. Mzee Nino alikuwa kwenye kiti, fimbo mbili pembeni. Nikamweleza yote, hata kwamba sikumsikiliza, hata kwamba nilitaka kumdanganya. Aliniuliza jambo moja tu: kile kijiti kilichobaki, bado kibichi?

"Bado," nikamwambia.

"Basi usikiguse. Twende."

Binti yake akatuchukua kwa gari. Mzee alikuwa kasimamia fimbo zake mbili, kwa hiyo kisu alinipa mimi. Kijiti kilikuwa na macho matatu. Alinielekeza kupasua ganda la lile chipukizi nene la danzi, kulichomeka jicho ndani, kulifunga. Alisema kila hatua mara moja, na safari hii nilisikiliza. Macho mawili yalikauka. Moja likashika.

Majira ya baridi ya nne mti ulizaa chungwa moja. Alilikata mezani jikoni kwake, na ndani lilikuwa jekundu kabisa. Nililia mbele yake, sikuona haya. Akanipa nusu, kisha akanambia mti ule utakuwa wangu yeye akiondoka. Nikamuuliza kwa nini anampa aliyetaka kuuua. Akasema, "Kwa sababu wewe ulipanda basi kuja kunambia."

Ndio huo ulio sebuleni kwetu, unaougombeza kwa miiba yake.

Jana nilikuwa nakwambia jambo, ukanijibu "I know, I know" na macho yako kwenye simu. Sikukasirika. Niliisikia sauti yangu mwenyewe. Basi nakuusia: ukikabidhiwa kitu cha mtu, msikilize mpaka amalize, hata kama unadhani unajua. Na ukikiharibu, nenda ukamwambie mwenyewe, siku hiyo hiyo, maana pengine bado kuna jicho moja lililo hai, na anayejua kuliokoa ni yeye.

Mungu akupe subira ya kusikiliza kabla hujashika mkasi. Na siku utakayokosea, kwani utakosea, akupe miguu ya kukufikisha mlangoni kwa mwenyewe. Haya, kaa hapa. Leo kisu shika wewe, ulikate chungwa hili, na nusu unipe mimi.