Kopo la mlonge la mama

Leo nimekwenda Tandika kugombana na mama yangu mzazi.

Nilimnunulia unga wa mlonge, umpe nguvu za miguu na umsaidie moyo. Kopo zima limeisha hata wiki haijakatika! Nikajua kuna mtu anamwibia.

Nafika, nakuta sufuria la uji barazani. Mama anawagawia majirani zake wawili, wajane wenzake. Uji wenyewe wa kijani; kumbe unga wangu wote unaishia humo.

Nikawaamkia shikamoo, kisha nikalipuka.

"Mama, nilikununulia wewe!"

Akanijibu taratibu, "Mwanangu, zamani tulikuwa tunajaa hapa barazani. Sasa tumebaki watatu. Ikipona miguu yangu peke yake, nitatembea niende kwa nani?"

Nyie mngemjibu nini?

Mie nilichukua upawa, nikawaongezea uji.